Vijana wenye ulemavu wa akili kwenye timu ya mtaa: tuwachanganye au tuwatenge?

Swali: "Nafundisha timu ya mtaa hapa Tanga, vijana wa miaka 14 hadi 18. Shule ya msingi ya jirani yenye kitengo cha elimu maalumu ilituomba tuwapokee vijana wao watano wenye ulemavu wa akili wafanye mazoezi nasi. Mmoja ana Down syndrome, mwingine ana kifafa na anatumia dawa. Nikaona ni jambo jema, nikakubali. Sasa ni mwezi wa pili na nimechoka. Siku za mazoezi ya kawaida vijana wangu wanawaachia wafunge, kipa anajiangusha makusudi halafu watu wote wanashangilia. Lakini mechi ikikolea hawawapi pasi hata moja. Mama wa yule mwenye Down hataki acheze, anasema atavunjika shingo. Wazazi wa vijana wengine wanalalamika nawapotezea watoto wao muda, na mwezi wa nane tuna ndondo. Nimesikia kuna mfumo rasmi wa kuchanganya wachezaji. Niendelee, au niwafanyie timu yao wenyewe? Na nidai karatasi gani za daktari?"

Kocha, hongera kwa kuuliza kabla hujavunja timu. Maswali yako ni mengi lakini moja ndilo limeyabeba mengine: kwa nini vijana wako wanawahurumia wenzao siku ya mazoezi, halafu wanawasahau mechi ikipamba moto. Nitaanza na hilo. La shingo, la karatasi na la ndondo nitayafikia. Majibu yake ni mafupi zaidi, ingawa la shingo si la kupuuza, na mama huyo hajakosea kuogopa.

Umeeleza huruma na kunyimwa pasi kama matatizo mawili. Kwangu ni tatizo moja. Anayetoa mpira kwa huruma na anayeubania wote wawili wanaamini kwamba mechi haimhitaji huyu mwenzao. Siku ambayo matokeo hayana maana, kumpa mpira hakugharimu kitu, basi anapewa. Siku ambayo matokeo yana maana, kumpa mpira kunaonekana hasara, basi ananyimwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mko mwezi wa pili na vijana hawa bado hawajashika jembe. Hotuba za kupendana hazitabadilisha hali hiyo, maana vijana wako hawana chuki. Kitakachoibadilisha ni namna unavyochagua nani acheze na nani, kwenye uwanja wa ukubwa gani, na kila mmoja akiwa na kazi ipi.

La kipa kujiangusha likome leo. Kijana wa miaka 16 mwenye ulemavu wa akili anaweza kushindwa kuhesabu chenji dukani, lakini goli la kuachiwa analitambua, kwa sababu ameachiwa mambo tangu utotoni. Hata asiyelitambua anaumia: anafundishwa kwamba shuti hafifu la katikati linaingia, na siku ya mechi ya kweli halitaingia, naye hatajua kosa liko wapi. Waambie vijana wako sentensi moja tu: mkabe kama unavyomkaba mwingine. Wasimwumize, lakini wamkabe.

Kuna mambo mawili matatu ambayo huenda wazazi wanayasema mtaani, na ni vyema uwe na jibu lake. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote katika umri wowote, na mara nyingi una tiba. Ulemavu wa akili huanza utotoni: uwezo wa kujifunza, kufikiri na kujimudu katika shughuli za kila siku unakuwa chini sana ya ule wa rika, na kwa kawaida kipimo cha akili kinaonyesha chini ya 70 hivi. Vyanzo ni vingi. Down syndrome, hali ambayo mtu huzaliwa nayo, ni kimoja, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni kingine, na wapo waliopata malaria kali ya ubongo au homa ya uti wa mgongo wakiwa wadogo. Hauambukizi, na walio wengi wana ulemavu wa kiwango kidogo, si kikubwa.

Utaambiwa pia kwamba fulani "ana akili ya mtoto wa miaka sita". Usemi huo uache nje ya uwanja. Mwili wake una miaka 16, ndevu zinaanza kuota, anajua Coastal Union wamecheza na nani Jumamosi na amekasirika walivyofungwa. Ukimsemesha kwa sauti ya chekechea utampoteza. Na wapo wanaodai watu hawa wana nguvu za ajabu na hawasikii maumivu. Wanasikia. Baadhi yao huchelewa kusema, au hawajui kueleza maumivu yako wapi, kwa hiyo ni wewe unayepaswa kutazama: nani anachechemea, nani ameshika tumbo, nani amenyamaza ghafla.

Sasa tuje kwenye kinachotokea kichwani mwa mchezaji wa namna hii. Wengi wao wana mambo matatu yanayofanana, pamoja na tofauti zao zote. La kwanza, kumbukumbu ya papo hapo inabeba vitu vichache. Ukimwambia "pokea, geuka, tazama winga, kama amekabwa rudisha nyuma", amebaki na "pokea". La pili, uamuzi unachukua muda mrefu kidogo. Anaona nafasi, anajua la kufanya, ila mguu unafika nafasi imeshafungwa. Ukitazama juu juu utasema hajui mpira, kumbe anajua, uwanja ndio unaomkimbiza. La tatu, na hili makocha wengi hawalijui, alichojifunza mahali pamoja hakihamii chenyewe kwenda mahali pengine. Ukimfundisha beki wako kusimama "upande wa mnazi", atasimama hapo kwa uaminifu mwezi mzima. Mpeleke uwanja mwingine usio na mnazi, naye atazunguka kama hajawahi kucheza.

Kwa hiyo alama zako ziwe za kubebeka. Koni nyekundu inakaa mahali pa beki wa kulia, na koni hiyohiyo mnakwenda nayo mnakokwenda. Maelekezo yawe neno moja moja na yasibadilike: ukichagua kusema "rudi", usiseme kesho "shuka" na keshokutwa "saidia nyuma". Onyesha kwa mwili kabla ya kueleza kwa mdomo. Mpangilio wa mazoezi uwe uleule kila siku, mwanzo mpaka mwisho, maana mtu anayejua kinachofuata hatumii nguvu zake kuwa na wasiwasi. Na mwambie msaidizi wako anyamaze. Watu wawili wakipiga kelele kutoka pembeni, mmoja akisema "piga" na mwingine "tulia", hata kiungo wa ligi kuu anachanganyikiwa.

Punguza pia uwanja na watu. Mechi ya kumi na moja kwa kumi na moja kwenye uwanja mzima wa vumbi ni mahali pazuri pa kumficha mchezaji: unamweka pembeni kule, mpira haumfikii, kila mtu anaridhika kwamba "amecheza". Watu watano kwa watano kwenye robo ya uwanja hawana pa kufichana. Mpira utamfikia mara nyingi, atakosea mara nyingi, atajifunza. Wala halihitaji fedha, kwani vijana wako wamekua wakicheza chandimu na wanaujua mchezo wa nafasi ndogo kuliko unavyofikiri.

Mfumo rasmi uliousikia upo. Unasimamiwa na Special Olympics, shirika lililoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver wa Marekani. Dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, na mwaka 1962 Eunice alifungua kambi ya michezo ya watoto kwenye viwanja vya nyumba yake huko Maryland. Julai 20, 1968 yakafanyika mashindano ya kwanza ya kimataifa kwenye uwanja wa Soldier Field, Chicago, na wanamichezo kama 1,000 kutoka Marekani na Kanada. Kwa miaka mingi walicheza wenye ulemavu wa akili peke yao. Timu za kuchanganya, ambazo sisi huku tunaziita michezo jumuishi, zilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo Tanzania na Kenya zote zina matawi ya kitaifa ya shirika hilo. Mwenye ulemavu wa akili wanamwita mwanamichezo, asiye na ulemavu huo wanamwita mwenza.

Hesabu ya uwanjani ndiyo inayokuhusu. Soka ya watano: wanamichezo watatu, wenza wawili. Ya saba: wanne kwa watatu. Ya kumi na moja: sita kwa watano. Kikapu ni watatu kwa wawili, wavu ni watatu kwa watatu. Wenza hawawi wengi kuliko wanamichezo. Hesabu hii ina sababu. Ukiwa na wenza wanne na mwanamichezo mmoja, huyo mmoja anaweza kusahaulika na timu ikashinda. Ukiwa na wanamichezo watatu kati ya watano, timu haiwezi kutoka nyuma bila kupitia kwao. Pasi inakuwa haja, haiwi tena fadhila, na umeshampa kila mtu jembe bila kutoa hotuba.

Wewe una watano. Iombe shule mmoja wa sita, awe mvulana au msichana, na wenza wako wanne. Hapo unapata timu mbili kamili za kuchezeana. Asipopatikana, si lazima mechi ya mazoezi ifuate hesabu ya mashindano. Gawa ulichonacho, ila kumbuka sababu iliyo nyuma ya hesabu yenyewe.

Hapa sasa ndipo makocha wengi wanapoharibu: wanachagua wenza kutoka kwa nyota wa timu, wakidhani wanawapa vijana hawa kilicho bora. Usifanye hivyo. Nyota wako atapokea mpira kwa kipa, atawapita watu watatu, atafunga, na wanamichezo wako watabaki kushangilia. Katika mashindano jumuishi, mwenza anayetawala mchezo ni kosa la kocha. Chagua wenza wanaokaribiana na wanamichezo kwa umri na kwa uwezo wa mpira. Unao vijana wa namna hiyo, tena unawajua kwa majina: wale wa benchi, wanaokuja kila siku mazoezini na ndondo inaisha hawajaingia. Nenda kwao na uwaambie wazi kwamba unawahitaji kama wachezaji. Usiwaambie unawahitaji kama walezi, maana watageuka walezi kweli.

Kuwapanga kwa uwezo usitumie macho pekee. Wape wote, wanamichezo na wenza, majaribio yaleyale: kukokota mpira kwenye koni kwa kuhesabu muda, pasi za kugonga ukuta ndani ya dakika moja, mashuti machache kwenye goli dogo. Halafu wachezeshe watatu kwa watatu ukae pembeni na daftari. Utashangaa. Karibu kila kundi lina mwanamichezo mmoja anayewazidi wenza, na aliyekuwa akimhurumia anaanza kumtafuta kwa pasi.

Utakuta ushauri wa kuweka sheria kwamba goli la mwenza halihesabiki, au kwamba kila mchezaji lazima aguse mpira kabla ya shuti. Siipendi ile ya kwanza hata kidogo. Wapinzani wanaacha kumkaba mwenza, mwenza anaacha kujaribu, na mnarudi kwenye maigizo mliyoanza nayo. Ya pili inafaa kwa dakika kumi za mazoezi, basi. Sheria nzuri ni zile zinazombana kila mtu sawa: mwisho migusano mitatu, au mpira usivuke nusu ya uwanja hewani. Zikimbana nyota na zikimbana mgeni, hakuna anayejiona amepewa upendeleo.

Mfumo huo una aina tatu, na ni vizuri ujue unafanya ipi. Ipo ya kushindana, ambapo wote wanakaribiana uwezo na sheria ni za mpira wa kawaida. Ipo ya kukuza wachezaji, ambapo wenza wana uwezo mkubwa kiasi na kazi yao ni kuwainua wenzao, sheria zikilegezwa kwa makubaliano. Na ipo ya burudani, isiyo na masharti mengi, ya Jumamosi asubuhi na juisi ya miwa. Naona timu yako imekuwa ikifanya ya burudani huku ikijiita ya kushindana, na hapo ndipo vurugu ilipoingia. Kwa miezi michache ijayo kaa kwenye ya kukuza wachezaji. Ya kushindana itakuja ukishawapima.

Je, kuwafanyia timu yao wenyewe ni kosa? Hapana, na usimruhusu mtu akufanye ujione mbaguzi kwa kulifikiria. Special Olympics bado ina mashindano ya wanamichezo peke yao, ambapo hupangwa kwa jinsia, umri na uwezo ili kila mmoja akutane na wa saizi yake. Wapo vijana wanaotulia na kung'ara zaidi huko. Wapo wengine, hasa wenye usonji, ambao kelele na msukumano wa timu kubwa unawaumiza kweli, na riadha au mchezo wa kulenga mipira kama boche unawafaa kuliko soka. Wenye ulemavu mkubwa sana wana programu yao ya mazoezi ya viungo. Na upande wa pili yupo kijana mwenye ulemavu mdogo anayestahili kucheza tu kwenye timu yako ya kawaida, bila jina lolote la ziada, kwa sababu uwezo anao. Kwa hiyo usiwaamulie wote watano jambo moja. Waulize wao. Umeniandikia wanachosema mama, wazazi na wachezaji wako, lakini wanachosema wale watano wenyewe hukuniandikia. Muulize kila mmoja peke yake, kwa swali fupi lenye chaguo mbili, na umpe muda wa kujibu. Wengine huitikia "ndiyo" kwa kila kitu ili kumfurahisha mkubwa, hivyo rudia siku nyingine kwa kugeuza mpangilio wa maneno.

Kuhusu wazazi wa vijana wengine na ndondo, ukweli ni kwamba wana hoja. Usipeleke timu ya kuchanganya kwenye ndondo ya kawaida dhidi ya timu zisizochanganya. Mtafungwa tisa, lawama zitawashukia wale watano, na kazi yako yote itakuwa imezikwa. Timu ya kuchanganya hucheza na timu ya kuchanganya. Weka vikosi viwili chini ya jina moja na jezi moja: kikosi cha ndondo chenye siku zake, na kikosi jumuishi chenye siku zake, pamoja na zoezi moja la wiki la wote. Tafuta kocha mwingine wa mtaa wa pili mwenye kitengo kama hicho jirani, mfanye naye bonanza la watano kwa watano. Wazazi waeleze hivyohivyo, na uwaambie pia kwamba kijana wao wa benchi sasa ana mechi yake.

Usiwaahidi kwamba kuchanganyika peke yake kutawalainisha watu mioyo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport wa Marekani aliandika kwamba makundi mawili yakikutana chuki inaweza kupungua, lakini kwa masharti: wawe na hadhi sawa pale walipokutana, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana, na wakubwa wenye mamlaka waunge mkono. Pima mazoezi yako ya miezi hii miwili kwa masharti hayo. Hadhi haikuwa sawa, mmoja alikuwa mtoaji na mwingine mpokeaji. Kukutana kwa namna hiyo kunaweza hata kuimarisha dharau. Sharti la nne ni lako: wakikuona unampumzisha mwenza mwenye choyo cha mpira, kama unavyompumzisha yeyote asiyecheza kitimu, wataelewa haraka.

Sasa la shingo. Watu wenye Down syndrome wana kano zilizolegea, na hii ni pamoja na zinazoshika pingili mbili za juu kabisa za shingo. Kwa baadhi yao, wachache, pingili hizo zinacheza kupita kiasi, na pigo au mkunjo mkali unaweza kuubana uti wa mgongo. Wengi wa hao hawana dalili yoyote. Picha ya eksirei peke yake haitabiri vizuri nani ataumia, ndiyo maana madaktari wanategemea sana dalili na uchunguzi wa neva. Dalili ni hizi: maumivu ya shingo au shingo kukaa upande, mwendo uliobadilika, kuanguka ovyo kuliko zamani, mikono au miguu kulegea au kufa ganzi, na mtu aliyekuwa anajizuia kuanza kujikojolea. Ukiona hata moja, hakuna mazoezi mpaka daktari amwone, na awe daktari wa hospitali, si wa duka la dawa. Kama hana dalili na daktari ameridhika, anaweza kucheza soka, lakini bila kupiga kichwa, bila sarakasi za kushangilia, na bila kukabwa kwa kusukumwa kutoka nyuma. Kwa vijana wa umri huu ningepiga marufuku mpira wa kichwa mazoezini kwa wote. Hakuna atakayepungukiwa, na yule mmoja hatanyooshewa kidole.

Muulize pia mama kuhusu moyo. Karibu nusu ya watoto wenye Down syndrome huzaliwa na hitilafu ya moyo, na si wote waliowahi kupimwa. Kijana anayechoka haraka mno, midomo ikibadilika rangi, au anayezimia, anahitaji kipimo cha moyo kabla hajavaa viatu vya mpira. Macho na masikio nayo yapimwe. Nimeona vijana wakiitwa wabishi kumbe hawakuwa wanasikia filimbi.

Huyu mwenye kifafa, mazoezi si adui yake. Kinachoamsha degedege mara nyingi ni kuruka dozi, kukosa usingizi, au homa. Ujue jina la dawa yake na saa zake, na uulize degedege zake huwa za namna gani na hudumu kwa muda gani. Akianguka uwanjani, tazama saa, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimpe maji. Ikizidi dakika 5, au ikija nyingine kabla hajapata fahamu, au kama amejigonga vibaya, apelekwe hospitali mara moja. Kuogelea baharini baada ya mazoezi, desturi ya vijana wa Tanga, kwake kuwe na mtu mzima aliye naye ndani ya maji, au kusiwepo.

Karatasi. Kwa mazoezi ya mtaani huhitaji cheti cha kuthibitisha ulemavu. Unahitaji ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, namba za simu mbili, orodha ya dawa, na uchunguzi wa daktari kwa hawa wawili uliowataja. Watatu waliobaki nao wakipimwa ni bora. Mkijiunga na Special Olympics mtapewa fomu yao ya afya ya kujazwa na daktari, na kushindana kunaanzia miaka 8, hakuna ukomo wa juu. Njia ya Paralimpiki, mashindano makubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, ni nyingine na ina ukali wake, kwa sababu ya aibu ya Sydney mwaka 2000: timu ya kikapu ya Hispania ilitwaa dhahabu upande wa ulemavu wa akili, kisha ikabainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Michezo ya kundi hilo ikafutwa, ikarudi London 2012 kwa riadha, kuogelea na tenisi ya meza tu. Kama unamwona mwanariadha wa kiwango hicho kati ya watano, anza mapema kukusanya vipimo vyake.

Bado kuna jambo ambalo hukuuliza. Vijana wenye ulemavu wa akili wako hatarini zaidi kudhalilishwa kuliko wenzao, na mara nyingi na mtu wanayemwamini. Pasiwe na mtu mzima anayebaki peke yake na mmoja wao, si chumbani pa kubadilishia nguo, si kwenye bodaboda ya kumrudisha nyumbani. Picha zao zisiwekwe mtandaoni bila ruhusa yao na ya mzazi. Ukiona kijana amebadilika ghafla, anaogopa mtu fulani, au ana majeraha yasiyoeleweka, usifanye upelelezi wako. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, ni bure.

Na usilibebe hili peke yako. Mwalimu wa kitengo ndiye anayewajua hawa watano kuliko mtu yeyote. Mwombe awe pembeni ya uwanja kwa majuma ya kwanza, akwambie nani anaelewa kwa kuona na nani kwa kuguswa bega. Kama kijana anapiga wenzake au anajiumiza kila mazoezi, na kubadilisha ratiba na kelele hakujasaidia, hilo linahitaji mtu wa saikolojia, au tabibu wa kazi, yaani mtaalamu wa kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, aje amwone akiwa uwanjani. Muulizie afisa michezo wa wilaya namna ya kufikia tawi la Special Olympics, wao huendesha mafunzo ya makocha.

Kwa yule mama, usimpelekee hoja. Mwombe muende wote hospitali, wewe ubebe orodha ya dalili niliyokuandikia, naye amsikie daktari kwa masikio yake. Daktari akikataa, kijana anaweza kuwa kwenye kikosi kwa njia nyingine atakayoipenda yeye, kupiga filimbi za mazoezi au kwenda kwenye boche. Akikubali, mpe mama kiti karibu na mstari siku ya kwanza, na mchezeshe mwanawe beki.